Yule wa Mtama

Mama alinipigia simu mwishoni mwa Agosti akaniambia yeye na mjomba wanakuja Zanzibar. Hakuuliza kama nina nafasi. Mbaazi zimeshauzwa, alisema, nauli ipo, na miezi mitatu sasa niko huko nasoma makaratasi ya watu wengine bila kumwonyesha mzazi hata mlango mmoja. Alipokaribia kukata simu akaongeza: "Na utanipeleka pale sokoni. Pale walipokuwa wanauza watu."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimehamia Unguja kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili, nimepanga chumba Michenzani, na kila asubuhi nilikwenda Kilimani kwenye nyaraka kusoma barua za ubalozi wa Uingereza za karne ya 19. Nilidhani najua kila kitu ambacho mgeni wa siku tatu angeweza kuniuliza.

Walitoka Mutuka alfajiri. Basi la Babati kwenda Dodoma linapita Bonga, linapandisha milima, linashuka Kolo, linasimama Kondoa, kisha linaendelea. Dodoma wakapanda treni ya umeme, ambayo mjomba aliisimulia kwa siku tatu mfululizo kana kwamba aliiendesha yeye. Wakalala Dar es Salaam kwa ndugu, kesho yake wakapanda boti. Mama alitapika njia nzima. Aliposhuka gatini alinishika mkono, akatazama nyuma kwenye maji, akasema: "Kumbe ni mbali hivi."

Sikulitilia maanani neno hilo. Nilidhani ni la mtu aliyechafukwa na bahari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mjomba. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na hatembei bila kuuliza tarehe. Beit al-Ajaib ilimvunja moyo kwa sababu alikuwa ameifundisha darasani miaka mingi, na sasa alipoifikia aliiona imezungushiwa uzio. Nikamweleza kwamba Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, kwamba ilipigwa mizinga ya Waingereza Agosti 1896 ikabaki imesimama, na kwamba siku ya Krismasi ya 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka yenyewe na kuua watu wawili. Akaniuliza mapigano ya 1896 yalichukua siku ngapi. Nikamwambia wengi wanataja dakika 38.

"Hazifiki hata kipindi kimoja," akasema. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 40.

Tulipita kwenye milango. Nikawaonyesha ile yenye vichwa vya mviringo na ile yenye vipande vidogo vya mraba iliyoletwa na mafundi na wafanyabiashara wa Kigujarati, nikaeleza njumu za shaba. Mjomba akauliza mlango mmoja unauzwa shilingi ngapi. Nikawasimulia habari za Salme, binti wa Sultani Said, aliyetoroka mwaka 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani, akaolewa, akaishi ugenini hadi alipofariki 1924, na akaandika kitabu cha maisha yake. Mama akauliza kama aliwahi kurudi kuwaona ndugu zake. Nikasema alirudi, lakini kaka yake Barghash alikataa kumpokea. Mama akatikisa kichwa. Hakuuliza lolote jingine siku hiyo. Kitu pekee kilichomvutia mjomba kwa dhati ni maghorofa ya Michenzani, ambayo wageni huyapita bila kuyatazama. Alisimama barabarani akayahesabu madirisha. Kwake yeye, watu wa kawaida kupewa nyumba za ghorofa baada ya Mapinduzi ya 1964 ndiyo historia, na milango ya masultani ni mbao tu. Nina walimu chuoni wangekubaliana naye.

Nisimulie sasa kilichomleta mama.

Sisi ni Wagorowa. Kwenye ramani za Wajerumani nchi yetu imeandikwa Ufiomi. Mutuka leo ni kata ya Mji wa Babati, na mtu akisimama uani kwetu anauona mlima Kwaraa. Katika familia ya mama kuna msichana anayeitwa "yule wa mtama". Jina lake halisi limepotea. Alikuwa dada mkubwa wa mama yake bibi yake mama. Najua ni mlolongo mrefu, lakini kwetu unasemwa kwa pumzi moja. Bibi alimsimulia mama, mama akatusimulia sisi jikoni, na kila mara masimulizi yalikuwa yaleyale na mafupi. Mwaka ng'ombe walipokwisha, njaa ikaingia. Wakaja watu kutoka upande wa Kondoa wakiwa na mtama. Baba wa nyumba akamtoa binti mkubwa, akapewa mtama. Wale wengine wakaishi. Yule hakurudi.

Sehemu iliyofuata haikutoka kwa bibi. Aliiongeza mama mwenyewe, nadhani baada ya sisi watoto kuanza kusoma historia shuleni na kurudi na daftari zenye mishale inayotoka bara kwenda pwani: alipelekwa Zanzibar, akauzwa.

Kwa hiyo siku ya pili tulikwenda Mkunazini.

Mahali hapo panajulikana. Kuna Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa juu ya eneo la soko. Nje kuna sanamu za mawe za Clara Sörnäs wa Sweden, zilizowekwa mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo wa chuma ambao ni wa kweli. Na upande wa pili, chini ya jengo la zamani la misheni, kuna vyumba viwili vidogo vyenye dari la chini ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kupelekwa mnadani.

Mama hakusimama kwenye sanamu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi. Ndani mtu mzima anainama. Kuna majukwaa ya mawe kushoto na kulia, mfereji katikati, na tundu dogo la kupitisha hewa. Mtembeza wageni alitutajia idadi ya watu waliosongamana humo na siku walizokaa bila chakula. Mjomba alivua kofia. Mama alipiga magoti pale chini, kwenye unyevu, akaweka kiganja chake juu ya jukwaa la mawe, akaanza kusali kwa Kigorowa. Hakulia kwa sauti. Alisema maneno machache, akanyamaza, akasema tena. Nilisikia anamwita yule msichana kwa neno la kumwitia mtu aliyekawia kisimani.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilikuwa najua mambo mawili.

La kwanza nilikuwa nalijua kabla hawajapanda boti. Jengo lile lilijengwa na wamisionari, baada ya soko kufungwa. Soko lilifungwa Juni 1873, Barghash alipotia saini mkataba baada ya John Kirk, balozi wa Uingereza, kumtishia kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari. Wamisionari wa UMCA wakapata kiwanja, na Krismasi ya mwaka huohuo wakaweka jiwe la msingi la kanisa. Wanahistoria wameshatilia shaka kwa miaka mingi kama vyumba vile vilimfungia mtumwa yeyote. Huenda vilikuwa stoo za misheni. Biashara yenyewe haina shaka hata kidogo. Kuna makadirio ya miaka ya 1860 yanayofika watu 20,000 walioingizwa Unguja kwa mwaka mmoja, wengi wakitokea Kilwa na bara la nyuma yake hadi Ziwa Nyasa, na sehemu kubwa wakiishia papa hapa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wenye shaka wanazungumzia vyumba viwili tu. Niliona si jambo la kumwambia mama. Watu wanahitaji mahali pa kupiga magoti, nilijiambia, na soko kwa hakika lilikuwa hapo nje, hatua chache.

La pili nililijua pale pale mlangoni, na nikaona aibu kwamba sikuwahi kulijua kabla.

Mwaka ng'ombe walipokwisha.

Sijui ni mara ngapi nimeusikia mstari huo jikoni kwetu. Mimi ninayekaa Kilimani kutwa nzima nikilinganisha tarehe za barua mbili za balozi sikuwahi kuuchukua mstari wa bibi nikauuliza: mwaka gani? Na jibu si gumu. Ng'ombe walikwisha kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufikia nchi zetu za kaskazini karibu na 1890 na 1891, ukafagia mifugo ya Wamasai na ya jirani zao wote, ukafuatwa na njaa na ndui. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alipita Ziwa Manyara na Ngorongoro mwaka 1892, na aliandika kuhusu Wamasai waliokuwa mifupa mitupu, wazazi waliowatoa watoto wao wabadilishwe na nyama kidogo. Manyara ni kwetu. Nimekisoma kifungu hicho mwaka wa kwanza wa digrii, nikakipigia mstari kwa kalamu ya njano, nikakitumia kwenye mtihani.

Kama yule wa mtama alitolewa mwaka 1891, basi soko la Mkunazini lilikuwa limefungwa kwa miaka 18. Pale palipokuwa na mnada palikuwa na kanisa zima, na Askofu Edward Steere aliyelijenga alikuwa ameshazikwa nyuma ya altare tangu 1882. Hata kama angefika Unguja kwa magendo, maana magendo yalikuwapo, asingepita hapo.

Mama akainuka, akajipangusa magoti, akaniuliza: "Nimalizie kanisani?"

Tukaingia kanisani. Sisi ni Wakatoliki, lakini mama alisema msalaba ni uleule. Akaonyeshwa ule msalaba mdogo wa mbao unaoelezwa kuwa umetokana na mti uliozikiwa moyo wa Livingstone kule Chitambo. Akaonyeshwa nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini Steere alipokuwa safarini. Akaonyeshwa duara la marumaru mbele ya altare, panapoelezwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Mjomba aliuliza kama huyu Steere ndiye wa kamusi. Nikasema aliandika kitabu cha sarufi, akakusanya hadithi, akatafsiri Agano Jipya kwa lugha ya Unguja, na kwamba Kiunguja ndicho kilichochaguliwa baadaye kuwa Kiswahili sanifu. "Kwa hiyo huyu ndiye aliyenifanya niwachape wanafunzi kwa ngeli," mjomba akasema. Mama alikuwa hasikii. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono mapajani, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuzika.

Na hapo ndipo penye tatizo. Angeonekana na huzuni tu, ningenyamaza. Lakini alionekana amemaliza. Alikuwa amebeba jambo hili kutoka Mutuka, amelitua mahali, na mahali penyewe hapakuwa pake.

Nilinyamaza hadi usiku. Tulikwenda Forodhani. Mjomba alikula mishikaki, akakunywa juisi ya miwa, akamkaripia muuzaji kwa bei ya pweza ambaye hata hakukusudia kumnunua. Mama alikubali bakuli la urojo kwa shingo upande, akalimaliza. Upepo ulikuwa mzuri na vijana walikuwa wanaruka baharini kutoka ukutani. Sikuchagua wakati mzuri. Nilishindwa tu kuendelea.

Nikasema: "Aayo, yule wa mtama hakuuzwa pale."

Nilieleza vibaya. Nilianza na mkataba wa 1873, nikaingia Kirk, nikarudi kwenye sotoka, nikataja Baumann ambaye hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa naongea kama ninayetetea pendekezo la utafiti mbele ya jopo. Mjomba ndiye aliyeshika mapema, kwa sababu ya tarehe. Alihesabu kwa vidole vizazi kutoka kwa mama kurudi nyuma, akafika kwenye msichana wa miaka tisa au kumi mwanzoni mwa miaka ya 1890, akaitika. Kisha akakasirika.

"Kwa hiyo tumekuja bure? Tumepiga magoti kwenye stoo?"

"Sijasema bure, mjomba."

"Mpwa wangu, wewe ulijua tangu asubuhi."

Mama akamgusa mkono anyamaze. Alikaa kimya kitambo. Swali lake halikuwa nililolitarajia.

"Kwa hiyo hakuvuka maji?"

Nikasema siwezi kuapa, ila haielekei.

"Alikwenda wapi?"

Nikamweleza ninavyojua. Kondoa Irangi kilikuwa kituo cha misafara, na watu wa pwani walikuwa wameshaanza kukaa hapo na kufanya biashara. Kilimo cha Warangi kiliwapa nafaka, na mwaka wa njaa mwenye nafaka ndiye mwenye watu. Lakini msichana aliyetolewa kwa mtama mara nyingi hakuuzwa kama tunavyoelewa kuuza. Aliwekwa rehani. Familia ilichukua chakula ikaahidi kurudi na mbuzi au ng'ombe kumkomboa, na mwaka ule ng'ombe hawakuwapo, na miaka iliyofuata ilikuwa ya ndui na nzige na Wajerumani. Msichana akakaa. Akachota maji ya nyumba ile, akakua, akaolewa na mtu wa nyumba ile au jirani yake. Hakuna mnyororo, hakuna soko. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa sheria Tanganyika. Waingereza ndio waliofanya hivyo mwaka 1922. Kama alikuwa hai wakati huo, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, pengine tayari ana wajukuu, na sheria ile isingekuwa na cha kumfungulia.

Mama alisikiliza yote. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe, mjomba akamwita, akanunua vitatu bila kuuliza bei.

"Kondoa," mama akasema. "Kondoa nauza mbaazi mimi."

Ni kweli. Kutoka kwetu hadi Kondoa hazifiki kilomita 100, na tangu lami ikamilike basi halimalizi asubuhi. Mdogo wake mama ameolewa na Mrangi wa Kolo. Tumekula Idi kwao, tumewapelekea mahindi, watoto wao wamelala kwetu wakisoma. Nilipokuwa mdogo nilifikiri sisi na Warangi ni majirani ambao hatujawahi kuwa na jambo.

"Alikuwa hapo," mama akasema. "Siku mbili, tatu kwa miguu. Na hakuna aliyekwenda kumchukua."

Nikajaribu kusema kuhusu ng'ombe, kwamba hapakuwa na cha kukombolea. Akaniinulia kiganja.

"Nimekuelewa. Ng'ombe walikwisha. Baadaye wakapatikana. Mimi nimeolewa kwa ng'ombe. Bibi aliolewa kwa ng'ombe. Wakapatikana, na hakuna aliyekwenda."

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo kwenye boksi lolote la Kilimani. Ndipo nikaelewa kwa nini mama aliongeza Zanzibar kwenye hadithi. Mtu akivushwa maji hakuna wa kulaumiwa nyumbani. Mishale kwenye daftari zetu za shule ilikuwa imemsaidia babu yake: ilimhamisha yule msichana kutoka kwa jirani anayefikika ikampeleka mahali pasipofikika, mikononi mwa watu tunaojua kuwachukia. Sisemi mishale ni ya uongo. Kilwa na Nyasa ilisema kweli tupu. Kwetu ilifunika kitu.

Mjomba, ambaye alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni, akasema polepole kwamba huenda walikwenda, akawakataa. Huenda alikuwa na mtoto mgongoni akasema mimi nipo hapa sasa. Mama akamtazama muda mrefu.

"Ungependa iwe hivyo," akamwambia kaka yake.

"Ningependa," mjomba akasema.

Siku ya tatu mama hakutaka kuona kitu. Alinunua karafuu na mdalasini Darajani, khanga mbili, na akanifulia mashuka ambayo hayakuwa machafu. Jioni aliniuliza kama Warangi wanaweza kuwa na hadithi kama yetu, ya upande wa pili: yule aliyekuja mwaka wa njaa. Nikasema inawezekana, ingawa nyumba nyingi hazipendi kusimulia kwamba bibi yao alinunuliwa kwa mtama; ukoo ukishammeza mtu unamwita mtu wake. Akasema shemeji yake wa Kolo ana mama mzee sana anayependa kuongea. Akasema hatauliza moja kwa moja. Atapeleka mdalasini.

Nimewahi kumwambia msimamizi wangu habari hii, kwa ufupi, na akaniuliza kama nafikiria kubadili mada. Sijui. Barua za Kirk ziko kwenye maboksi, zina namba, mtu anajaza fomu na zinaletwa mezani. Nina mihula miwili iliyobaki na fedha za muhula mmoja.

Walipanda boti ya asubuhi. Mara hii mama alimeza kidonge hakutapika. Walilala Dar es Salaam, wakapanda treni hadi Dodoma, wakalala tena, na kesho yake karibu saa tano mjomba akanipigia. Nyuma yake nilisikia honi na wauzaji. Akaniambia wako stendi ya Kondoa, dereva amewapa dakika kumi, na kwamba niongee na mama yangu kwa sababu ameshuka na begi.

"Ameshuka na begi?"

"Begi lake. Langu limebaki kwenye gari. Sasa mimi nifanye nini?"

Nikasikia sauti ya mama kwa mbali ikimwambia amwombe dereva ufunguo wa buti, mfuko wa mdalasini uko chini ya magunia.